Sentineli aliyekalia ushahidi

Simu ilinikuta mtaa wa Kamalondo, mikono imejaa mafuta ya kompresa. Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao Lubumbashi inaungua na mvua bado inajivuta. Mama anayeshika kaunta katika duka moja la vyakula, mteja wangu wa miaka mitatu, hakunisalimia hata. "Fundi, ba environnement beko hapa. Kuya mbio."

Sikuelewa watu wa mazingira wananitakia nini. Mimi ni fundi wa baridi: vyumba vya samaki, vitrini za maziwa, mashine za barafu. Mambo ya mazingira kwangu yalikuwa ya watu wa migodi. Lakini patron, mwenye duka, alitaka mtu wa kujibu maswali ya mashine, na mashine za nyuma ya duka lile mara nyingi ni mimi ninayezigusa. Nikapanda pikipiki.

Kisa kilianzia kwenye ukuta wa nyuma. Duka lina jenereta ya kVA 40, na jirani wa upande ule, mama mwenye nyumba ya vyumba vinne vya kupangisha, alikuwa amechoka kuanua nguo zenye masizi. SNEL, shirika la umeme, ikikata, groupe, yaani ile jenereta, inawaka. Groupe ikiwaka, moshi unaingia kwake. Alilalamika kwa patron mara mbili, akajibiwa avumilie kama wengine wanavyovumilia. Mara ya tatu akapeleka barua kwenye ofisi moja ya mazingira, na tofauti na nilivyozoea kusikia, barua ikafanya kazi. Walikuja wawili, mmoja mzee wa makamo mwenye daftari la PV, yaani ripoti ya ukaguzi, mwingine kijana mwenye simu ya kupigia picha.

Niliwakuta uani. Yule mkubwa alikuwa ameshasimama mbele ya bomba la moshi la groupe, anamwambia patron kwamba moshi ule ni mweusi kupita kiasi na bomba ni fupi. Alikuwa na haki kwa yote mawili. Kisha akauliza karatasi: utafiti wa athari kwa mazingira uko wapi, kizima moto kilikaguliwa lini, mafuta machafu ya groupe yanamwagwa wapi. Patron anajibu, kijana anapiga picha, na mimi nimesimama kando nikingoja niulizwe.

Swali langu lilikuja mwishoni kabisa. Sentineli, mlinzi wa duka, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha muembe, juu ya chupa ya rangi ya chungwa. Nyuma yake kulikuwa na nyingine sita, zimepangwa ukutani kama viti vya mkutano. Yule mkubwa akauliza, "Na hizi ni nini?" Nikamwambia ni chupa za gazi ya frigo, zimeisha. Akagonga moja kwa kidole cha mguu, ikalia utupu. "Ni tupu," akasema. "Sawa." Wakaenda kuandika PV kwenye meza ya kaunta: moshi wa jenereta, faini dola 400, na amri ya kurefusha bomba ndani ya siku thelathini.

Nilirudi Kamalondo nikaendelea na kompresa yangu. Usiku ndipo lile neno lilipoanza kunisumbua. Ni tupu. Chupa saba tupu, na kilichokuwa ndani hakikwenda kwenye chombo kingine chochote. Mashine ya baridi haili gesi. Groupe inakula mafuta, gari linakula petroli, lakini gesi ya frigo inazunguka tu: kompresa inaisukuma, inapoa, inakuwa maji, inaingia chumbani, inachemka, inabeba joto, inarudi. Ikifungwa vizuri inaweza kuzunguka hivyo mpaka mashine izeeke. Ukiona fundi anaongeza, jua kuna tundu. Basi.

Kesho yake nikapita dukani kabla ya kufunguliwa. Mama wa kaunta ana mkebe wa maziwa ya unga ambamo anatupa kila bon, yaani risiti, ya matumizi ambayo si ya bidhaa: maji, mafuta ya groupe, balbu, fundi. Tukaumimina mezani. Katika miezi kumi na miwili nilikuta bon tisa za chupa za R-404A. Chupa mbili zilizokosekana uani zilikuwa zimeuzwa kwa mtu wa mtaa wetu wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anayezikata kutengeneza mbabula, majiko ya makaa, kwa hiyo hesabu ikakaa sawa. Chupa moja ya gesi hiyo ina kilo 10.9. Tisa ni kilo 98.1. Mashine yenyewe, kwa karatasi ya waliofunga iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la umeme, inabeba kilo 90.

Kwa maneno mengine, duka lile lilikuwa limemwaga hewani mashine nzima ndani ya mwaka mmoja, na chenji juu.

Sasa nieleze kwa nini hilo ni jambo la hewa, kwa sababu hata mimi nilihitaji kukaa nalo. R-404A ni mchanganyiko wa gesi tatu ambazo hazina klorini, kwa hiyo tundu la ozoni haliihusu. Shida yake ni joto. Kilo moja ikitoka, katika miaka mia inapasha dunia sawa na kilo 3,922 za hewa ya ukaa. Hiyo ndiyo namba iliyo kwenye majedwali ya wanasayansi wa tabianchi ambayo sheria nyingi hutumia. Zidisha kilo 98.1, unapata karibu tani 385.

Nikachukua na groupe. Kwa bon za mafuta ilikuwa ikinywa kama lita 50 kwa siku, tukipima siku nzuri na siku za delestage, mgao wa umeme, ndefu. Kwa mwaka ni lita 18,250. Lita moja ya mazutu (dizeli) ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa, kwa hiyo groupe nzima, na masizi yake na kelele zake, ilitoa tani 49 hivi. Kwa upande wa kupasha dunia joto, kile kiti cha sentineli na wenzake kilishinda groupe mara saba na zaidi, na kwenye PV hakikupata hata mstari.

Sitaki kumcheka mkaguzi. Kwa mapafu ya yule mama mwenye nguo na watoto wa wapangaji wake, moshi wa groupe ndio mbaya. R-404A haina harufu wala rangi, haimkohozi mtu uani. Isipokuwa ikimwagika nyingi kwa mpigo ndani ya chumba kilichofungwa, ambapo inasukuma hewa nje na kumkosesha mtu pumzi, unaweza kulala karibu nayo usijue. Na Lubumbashi tumekua tukijua uchafuzi wa hewa una umbo gani: una umbo la lile bomba refu la Gécamines, kampuni ya serikali ya shaba, na mlima wake mweusi wa takataka za shaba. Wazee wanakumbuka hewa iliyokuwa ikiwasha koo. Mtu aliyelelewa chini ya bomba lile anatafuta bomba. Ukimwambia hewa inachafuliwa na vitrini ya mtindi, atadhani unatania.

Sasa nije kwangu. Kati ya zile chupa tisa, tano niliziingiza mimi kwa mkono wangu.

Kila mara ilikuwa hivi: simu, "gazi imeisha tena", samaki wameanza kulegea, patron amesimama mlangoni na jasho, wateja wa samaki wa thomson wanangoja. Ninafunga manometa, naona presha imeanguka, naongeza, baridi inarudi, nalipwa. Nikisema nitafute linapotoka, jibu ni "mara nyingine, fundi, leo tia tu." Kutafuta tundu ni siku nzima na mashine imezimwa. Kutia gesi ni saa moja. Na mteja analipia anachokiona: chupa imekuja imejaa, imetoka tupu, kazi imefanyika. Nilijua kuna tundu tangu chupa ya pili. Nikijibiwa hivyo nilinyamaza, kwa sababu kunyamaza kulikuwa kunalipa, na sioni sababu ya kulifunika hilo kwa maneno mazuri.

Agosti patron alikuwa amemwita mzee mmoja wa zamani, mwalimu wa mafundi wengi wa mji huu, atafute tundu kwa bei nafuu. Mzee alikuja na taa yake ya moto, ile yenye mpira wa kunusa na kipande cha shaba juu ya mwali. Unapitisha ule mpira kwenye viungo. Ukipita penye gesi inayovuja, mwali unageuka kijani. Alizunguka mashine yote, mwali ukabaki buluu, akasema mashine iko safi. Patron akaniambia nimemdanganya. Mzee hakukosea mikono, alikosea enzi. Taa ile inageuka kijani kwa sababu ya klorini kuungana na shaba ya moto. Ilifanya kazi vizuri kwa gesi za zamani, R-12 na R-22, ambazo zina klorini. R-404A haina hata chembe. Angeweza kuuweka ule mpira juu ya tundu lenyewe na mwali usiseme kitu.

Nilimwomba patron siku mbili. Nitasimulia baadaye alivyokubali.

Siku ya kwanza nilitumia sabuni ya sahani, brashi ya kupaka rangi na tochi. Kabla ya sabuni unaangalia mafuta, kwa kuwa gesi inazunguka pamoja na mafuta ya kompresa, na inapotoka inaacha doa. Vumbi la Lubumbashi, lile jekundu la kiangazi, linashika pale pale. Kwa hiyo tundu la zamani linajitangaza lenyewe: kijitope cha rangi ya kahawia kwenye shaba ambayo kwingine kote ni kavu. Nilikuta cha kwanza kwenye vali ya kupimia presha ya kompresa. Haikuwa na kifuniko. Kile kifuniko kidogo cha shaba, ambacho ukikipoteza hakuna atakayekuuliza, ndicho kinachoziba. Kile kisindano cha ndani peke yake huwa kinavujavuja. Nani alikipoteza? Kwenye mashine ile mara nyingi ni mimi ninayefunga manometa.

La pili lilikuwa kwenye nati ya detandere, vali inayopunguza presha ya gesi kabla ya kuchemka, ya vitrini ya maziwa. Mtu, na huyu sikuwa mimi, alikuwa ameikaza mpaka mdomo wa bomba uliotanuliwa ukapasuka kama kucha. Nilipopaka sabuni, povu halikutoka kwa nguvu. Lilikuwa likijenga mpira mmoja mdogo, linatulia, linapasuka, linaanza tena, mara moja kwa kila pumzi tano hivi. Mtu mwenye haraka angepita.

La tatu ndilo lililonifundisha. Bomba la kurudia gesi linapita ukutani kati ya chumba cha mashine na stoo, na pale ukutani kuna chuma cha pembe. Waliofunga walivalisha bomba sponji na kulifunga kwa kibano. Kibano kilikuwa kimekatika zamani. Kila groupe inapowaka na kila SNEL inaporudi, kompresa inastuka, bomba linaruka, linasugua chuma. Kwa delestage ya mara nne au tano kwa siku, kwa miaka, sponji ilikwisha, halafu shaba ikaanza kwisha. Nilipoingiza kidole nyuma ya sponji niliyagusa mafuta kabla sijaona kitu. Shaba ilikuwa imekuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, na katikati ufa wa urefu wa punje ya mchele. Umeme unaokatika ulikuwa ukitoboa bomba polepole, halafu tukawasha groupe kuokoa samaki, na groupe nayo ikaendelea kulitoboa.

Siku ya pili ilikuwa ya kuchomelea, na hapo ndipo penye aibu ya kazi yetu. Huwezi kuchomelea bomba lenye gesi. Kwingineko fundi ana mashine ya kunyonya gesi yote na kuirudisha kwenye chupa. Mimi sina. Mafundi wengi ninaowajua hapa wanafungua tu, inapiga mluzi, wanakwenda kunywa soda wakingoja. Nilifunga vali ya tangi la maji ya gesi nikaiacha kompresa isukume kila kitu ndani ya tangi mpaka presha ya upande wa kurudi ikakaribia sifuri, kisha nikazima na kufunga upande wa pili. Karibu yote ilibaki ndani. Mabaki ya kwenye bomba yalitoka, na niliyasikia yakitoka. Nikachomelea, nikajaza azoti (naitrojeni) kupima presha, nikaacha usiku kucha. Nasema azoti kwa sababu nimeona watu wakipimia oksijeni ya wachomeleaji, kwa kuwa ndiyo iliyopo karibu. Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya presha inalipuka.

Turudi kwenye sheria, kwa kuwa hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema shida ya Congo ni kukosa wakaguzi. Wakaguzi walikuja. Walikuwa wawili, wenye daftari, na walisimama hatua tatu kutoka kwenye ushahidi. Walichokosa ni swali la kuuliza.

Marekani, sheria yao ya hewa safi inawashika wenye maduka kwa hesabu ndogo sana. Mashine ya biashara yenye pauni 50 au zaidi, yaani kilo 22.7, za gesi zinazoharibu ozoni kama R-22, ikivuja kwa kiwango kinachopita asilimia 20 kwa mwaka (kabla ya 2019 ilikuwa 35), mwenye duka ana siku 30 za kuziba. Hakuna anayepima hewa. Unachukua kilo zilizoongezwa, unagawa kwa kilo ambazo mashine inabeba, unazidisha kwa siku za mwaka ukigawa kwa siku tangu ulipoongeza mara ya mwisho. Kwetu: kilo 10.9 kila siku 40 kwenye mashine ya kilo 90 ni asilimia 110. Kwa hesabu hiyo duka letu lingeonekana kwenye chupa ya pili, kabla sijaanza kunyamaza kwa faida.

Ndivyo walivyowapata hata wakubwa. Mwaka 2013 Safeway ilikubali kulipa dola 600,000 na kutumia kama milioni 4.1 kurekebisha mashine katika maduka 659. Costco ikafuata 2014 kwa dola 335,000. Trader Joe's 2016, dola 500,000, na mpango wa kushusha uvujaji wa maduka yake yote. Mashtaka yalikuwa karibu yale yale kila mahali: mlivuja R-22, hamkuziba kwa wakati, na vitabu vyenu havikuandikwa inavyotakiwa. Hilo la vitabu lina uzito wake lenyewe. Pale, kutokuwa na daftari la gesi ni kosa hata kama mashine haivuji. Na duka la wastani la kule, kwa makadirio ya serikali yao, lilikuwa likipoteza robo ya gesi yake kila mwaka, kwa hiyo tusijidharau peke yetu.

Sisi tuna sheria ya misingi ya ulinzi wa mazingira, namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, na ndani yake kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Nimeisoma. Ni sheria ya misingi, kama jina lake linavyosema, na kwenye uwanja wa duka msingi hauna namba. Mkaguzi mwenye msingi mkononi anaona moshi anasema moshi. Ukimpa namba tatu, kilo za mashine, kilo zilizonunuliwa, tarehe, anaweza kukaa kwenye meza ya kaunta na mkebe wa maziwa na kumaliza kazi kabla chai haijapoa.

Mahali ambapo kilo zinahesabiwa kwa kweli ni mpakani. Itifaki ya Montreal, ambayo nchi zote za dunia zimo, inataka kila nchi itoe leseni kwa gesi hizi zinapoingia. Marekebisho yaliyokubaliwa Kigali tarehe 15 Oktoba 2016 yaliongeza familia ya R-404A kwenye orodha: kwa kundi kubwa la nchi zinazoendelea, kiwango kinagandishwa 2024, kinapungua asilimia 10 mwaka 2029, na kinashuka kwa asilimia 80 ifikapo 2045. Kwa hiyo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilo zinatakiwa kuwa na karatasi. Zikifika mjini karatasi inakufa. Ninanunua chupa kwenye duka la vipuri kama ninavyonunua kuku, bila kuulizwa inaenda kwenye mashine ipi. Wakati mwingine hata kilichomo ndani hakijulikani. Mwaka 2011 mafundi watatu walikufa Vietnam na Brazil wakihudumia makontena ya baridi yaliyotiwa gesi bandia ya R-134a, na tangu nilipopata habari hiyo sinunui chupa yenye muhuri uliolegea, hata iwe nusu bei. Kama muuzaji angelazimishwa kuandika jina la duka na mashine kwenye kila bon, na fundi akasaini, uvujaji wa Lubumbashi ungeonekana ofisini bila mtu kupanda pikipiki. Nadhani hilo ni rahisi kuliko kumnunulia kila mkaguzi kifaa cha kunusa.

Niliahidi kusema patron alivyokubali. Nilimpelekea karatasi yenye zile tani 385. Aliisoma kwa adabu, akaikunja mara nne.

"Fundi, hizi tani ziko wapi?"

"Hewani, patron."

"Hewani kwa nani?"

Sikuwa na jibu la kumfaa mtu ambaye SNEL imemkatia mara tatu tangu asubuhi. Nikageuza karatasi nikaandika upya nyuma yake. Chupa tisa kwa dola 170, ni 1,530. Fundi mara tisa. Samaki waliotupwa Februari na Juni, yeye mwenyewe akataja kiasi, akakunja uso. Kisha nikamweleza jambo ambalo hakuwa analijua: mashine yenye gesi pungufu haizimi, inazunguka muda wote ikitafuta baridi isiyoifikia, na kama SNEL haipo inayazungukia mafuta ya groupe. Yaani ule moshi uliomletea faini, sehemu yake ilitokana na tundu. Hapo akakaa.

"Kwa hiyo nimelipia moshi wa gazi inayotoka?"

"Ndiyo."

"Siku mbili," akasema. "Jumatatu na Jumanne. Samaki nitawapeleka kwa ndugu yangu."

Bomba la groupe lilirefushwa mita mbili ndani ya zile siku thelathini, kama PV ilivyotaka. Moshi sasa unapita juu ya ukuta wa yule mama na kushuka kwa jirani wa tatu, ambaye bado hajaandika barua. Kuhusu gesi hakuna aliyeamuru chochote. Mwezi mmoja baadaye yule kijana wa ukaguzi alirudi peke yake kuhakikisha bomba. Nilikuwepo. Alipomaliza picha zake nikamwonyesha daftari nililokuwa nimeanza kuliandika, limening'inia kwa uzi kwenye mlango wa chumba cha mashine: tarehe, kilo, mahali palipozibwa, saini. Akalifungua, akauliza mashine inabeba kilo ngapi, akafanya hesabu kwenye simu yake, akainua uso. "Na yale maduka mengine?" Nikamwambia ninahudumia manane, na mkebe wa bon nimeuona kwa mmoja tu. Akapiga picha ya ukurasa wa kwanza. Kama amelipeleka mbele, sijasikia.

Kuanzia Novemba hadi Aprili nimetia chupa moja. Kwa hesabu ile ile ni asilimia 24 kwa mwaka, kutoka 110. Bado ni juu ya ile asilimia 20 ya Marekani. Tundu la nne lipo, najua na eneo lake: bomba la chumba cha samaki linalopita chini ya sakafu, chini ya vigae vyeupe ambavyo patron alileta kutoka Ndola na anavipenda kuliko mashine zote. Anasema tutavivunja Julai, baridi ya nje ikisaidia na mauzo yakipungua. Nimeandika Julai kwenye daftari. Chupa ya pili iko wazi tangu wiki iliyopita, na sentineli ameshauliza ikiisha ataipata lini.